Shangazi, msimu wa korosho umeanza na bosi anataka niingie asubuhi, chuo nifanyeje?

Barua yenyewe hii hapa, nimeifupisha na vitu vya kumtambulisha nimevitoa:

"Shikamoo shangazi. Mi ni binti wa miaka 22, nasoma ualimu mwaka wa pili hapa Mtwara mjini. Mkopo napata ila sio asilimia zote, kwahiyo toka mwaka jana nafanya kazi kwenye kibanda cha wakala wa pesa, saa tisa alasiri mpaka saa tatu usiku siku sita kwa wiki, nalipwa 120,000 kwa mwezi. Kwetu Tandahimba, mama yuko peke yake na mikorosho yake ambayo mwaka huu imepigwa na ugonjwa wa ubwiri unga, mdogo wangu yuko kidato cha tatu, kwahiyo karibu nusu ya mshahara natuma nyumbani. Mwaka jana nilipata sapu mbili (mitihani ya kurudia), moja nikaitoa nyingine nimekeri, yani somo nimelibeba nalirudia mwaka huu. Sasa msimu umefunguka, wakulima wanalipwa, foleni kibandani haiishi, bosi anataka niwe naingia saa tatu asubuhi na kutoka saa tatu usiku ileile mpaka Krismasi, atanipa 180,000, nikikataa anatafuta mwingine. Afu mwezi uliopita nilikosea namba nikatuma 85,000 kwa mtu nisiyemjua akaitoa palepale, bosi kakata yote kwenye mshahara. Nawaza niahirishe mwaka nifanye kazi kwanza nirudi mwakani, au niache kazi? Mama sijamwambia kitu. Nachoka mpaka nalia."

Marahaba mwanangu, na pole, pole sana. Nimeisoma barua yako jana usiku nikairudia asubuhi na kile kipande cha mwisho ndo kimenikaa, kwamba mama hujamwambia kitu, tutakifikia.

Kwanza nikujibu moja kwa moja ili usome huku umetulia. Kuahirisha mwaka usiahirishe. Kazi usiache leo. Ila ile ya kuingia asubuhi ikatae wiki hii hii, na hiyo ya saa 36 kwa wiki unayofanya saivi (saa sita mara siku sita) nayo ipungue mpaka ibaki kama saa 22. Sasa nikwambie kwa nini, maana najua unawaza shangazi anaongea tu yeye hana mdogo wa kusomesha.

Chukua kalamu. Kwa utaratibu wa TCU, ile Tume ya Vyuo Vikuu, mwaka mmoja wa digrii ni krediti 120, na krediti moja inahesabiwa ni saa 10 za kusoma, humo ndani kuna lekcha, semina, asainimenti, kujisomea, na mitihani yenyewe. Kwahiyo mwaka ni saa 1,200, semista moja 600, ukigawa kwa wiki kama 15 hivi unapata saa 40 kwa wiki, na wewe una keri juu yake kwahiyo zako zinazidi hapo. Saa 40 mwanangu. Sheria ya kazi ya nchi hii ukomo wa saa za kawaida kwa wiki ni 45, yani chuo peke yake ni ajira kamili kasoro kidogo, na hamna mtu aliyekwambia ivo siku unasajiliwa, wote tuliingia tukidhani kusoma ni vile vipindi vya kwenye taimtebo na muda mwingine wote ni wa kwetu. Wewe huna kazi moja na masomo, una kazi mbili. 40 jumlisha 36 ni 76. Ndo maana unalia, sio kwamba wewe ni mvivu au kichwa chako kizito, mtu yeyote angelia.

Haya tuje kwenye ofa ya bosi. Saa kumi na mbili kwa siku mara sita ni 72, weka na zile 40 za chuo inafika 112, wiki nzima ina saa 168, zinabaki 56, yani nane kwa siku za kulala na kupika na kufua na kutembea na kuumwa na kusali. Na hapo nimejifanya sijui kwamba vipindi vyako viko asubuhi hiyohiyo aliyoitaka. Afu angalia hela. Saivi kwa wiki nne unafanya saa 144 kwa 120,000, ni kama 830 kwa saa. Akikuongezea utafanya saa 288 kwa 180,000, ni 625 kwa saa. Saa zimekuwa mara mbili, hela imeongezeka nusu tu, kwahiyo anakushusha wakati we unaona amekupandisha. Hata sheria haimruhusu, ovataimu haitakiwi kuzidi saa 50 kwa kila wiki nne na hiyo yake inafika 108 (288 toa 180 za kawaida). Sikwambii ukamtishie, nakwambia ili ujue ukikataa hujamkosea mtu adabu.

Nakuelewa kwa sababu nimepitia. Nikiwa chuo nilikuwa nakanda ngano ya maandazi kwa mama mmoja, naamka saa tisa usiku, mpaka saa moja asubuhi beseni mbili zimeisha naenda kuoga naingia darasani. Siku ya mtihani mmoja nilikaa nikasoma swali la kwanza mara tatu sikuelewa limeuliza nini, naangalia kucha zangu zina unga uliokauka pembeni, naukwangua, naanza tena kusoma swali, nusu saa ikapita ivo. Nilifeli. Nilipomwambia yule mama naomba wiki mbili nijiandae na sapu alinikubalia vizuri tu, nikarudi nikakuta msichana mwingine anakanda. Sina kinyongo nae, biashara yake ilikuwa haiwezi kulala. Ila nilijifunza kwamba nafasi yangu kwake ilizibwa ndani ya siku moja, na ule mtihani ulinichukua mwaka mzima kuuziba.

Sasa kuahirisha. Najua limekujia kama njia ya heshima, nipumzike nitafute hela nirudi. Mwanangu, msimu wa minada ni wa miezi michache tu, ukifika mwezi wa pili foleni kibandani imeisha, bosi anakurudisha kwenye 120,000 au anakwambia biashara imelala, na we umebaki nje ya chuo mpaka wenzio wamalize mwaka. Na ukiwa nje lile bumu, hela ya mkopo ya kujikimu, huna, ndo unategemea kibanda peke yake. Wengi nimewaona wamesema narudi mwakani, wengine walirudi kweli, wengine wana mtoto wa pili saivi. Kama kuna siku utafika mahali huwezi kabisa, basi kabla hujasaini karatasi yoyote nenda kwa afisa mikopo wa chuo chako akueleze mkopo wako utakuwaje ukisimama na ukirudi, muulize ana kwa ana, usiulize kwenye grupu la WhatsApp. Na kwa anayesoma hapa akiwa na ajira ya kutwa ambayo hawezi kuiacha, Chuo Kikuu Huria kina kituo hapa Mtwara, kimetengenezwa kwa watu wa namna hiyo, ila kwako wewe ambaye uko mwaka wa pili na mkopo unao sio muda wa kuhama.

Kwa bosi nenda ukiwa umebeba kitu mkononi, usiende na kilio. Shida yake sio wewe, shida yake ni kwamba asubuhi hana mtu na wakulima wa korosho wanataka kutoa hela. Kwahiyo mpelekee mtu. Tafuta mwenzio mmoja darasani au geto mnaloishi, mtu unayemwamini kwenye hela, mwenye vipindi tofauti na vyako au hata asiye mwanafunzi, mgawane kibanda. Wewe ubaki na Jumamosi na Jumapili za kutwa, saa nane nane, na jioni moja katikati ya wiki ambayo kesho yake huna kipindi cha asubuhi. Hiyo ni kama saa 20 au 22. Mshahara utashuka ndio, ila muombe akupe kwa siku badala ya mwezi, au muulize habari ya kamisheni maana msimu huu miamala ni mikubwa na kamisheni inapanda na wewe hujawahi kuiona. Mwambie ivi: "Bosi nataka niendelee na wewe mpaka nimalize chuo, asubuhi siwezi kwa sababu nina vipindi, ila nimekuletea mtu, njoo umuone Jumapili." Na umwambie mapema pia kwamba likizo ndefu utakuwa na BTP, wiki kadhaa utakuwa shuleni unafundisha, asije akashtukia siku hiyo.

Akikataa kabisa, bas ondoka. Kibanda cha wakala Mtwara sio kimoja, na msimu huu ndo wanatafuta watu.

Hiyo 85,000 nayo imeniuma. Kwenye kipande nilichokifupisha umesema ilikuwa mzee anawahi kivuko cha kwenda Msangamkuu, anakuharakisha, we una hando (karatasi za somo) mapajani unasoma katikati ya mteja na mteja, tarakimu moja ikateleza. Hapo ndo kazi mbili zilipogongana mwanangu, hando hilo usilipeleke tena kibandani, ukiwa pale uwe pale. Ila makato aliyofanya sio sawa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inasema mwajiri akitaka kukata mshahara kwa ajili ya hasara, lazima iwe ni kosa lako kweli, akueleze kwa maandishi kiasi na kilivyopatikana, akupe nafasi ya kujieleza, na makato yasizidi robo ya mshahara. Robo ya 120,000 ni 30,000. Yeye kakuachia 35,000 ya kuishi mwezi mzima. Muombe kwa upole ile 55,000 iliyozidi airudishe kisha aikate kidogo kidogo, mwambie nakubali kosa ila nigawie. Wengi wakisikia mtu anajua utaratibu wanalegea. Asipolegea kuna CMA, Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ya migogoro ya kazi, wana ofisi Mtwara, ila malalamiko ya namna hiyo unatakiwa upeleke ndani ya siku 60 kwahiyo usikae nayo moyoni mpaka muda upite.

Sasa mama. Hapa nakuomba unisikilize kama vile tumekaa wote mkekani. Unatuma karibu 60,000 kila mwezi na hujui inaenda kwenye nini, umeandika tu "mdogo wangu yuko kidato cha tatu". Sekondari ya serikali ada ilifutwa 2016 kwa kidato cha kwanza mpaka cha nne, kinachobaki ni hosteli, chakula, sare, madaftari, michango. Ni hela, sikatai, ila ina tarehe zake, haiji kila mwezi sawasawa, na kubwa inayokuja ni ya Januari anapoingia kidato cha nne. Na kabla ya Januari mama yako anauza korosho. Hata kama ubwiri unga umekula maua, kitu kidogo kitaenda ghalani, mnada wa TANECU, chama kikuu cha ushirika cha Tandahimba na Newala, utapita, hela itaingia kwenye akaunti yake. Hiyo hela ya kwanza ndo itengwe ya mdogo wako, kabla hajaja mtu wa kumdai hela ya salfa ya kupulizia mikorosho na kabla haijaanza kukopesheka kwa majirani.

Atajuaje kama humwambii? Yeye anaona kila tarehe tano meseji imeingia, anadhani mwanangu Mtwara mambo yake safi. Mpigie jioni akiwa ametoka shamba, usimpigie asubuhi anakusanya korosho. Usianze na sapu. Mwambie "mama kazi nilikuwa nafanya saa nyingi masomo yakayumba, napunguza ili nimalize, kuanzia mwezi huu mpaka mitihani sitatuma, ya Januari tuipange pamoja kwenye korosho." Atanyamaza kidogo. Usijaze huo ukimya kwa kuahidi hela, muache anyamaze, anapiga hesabu zake. Mama aliyelea mikorosho peke yake hashindwi kupokea habari hiyo, atakachoshindwa ni kusikia umeshafukuzwa chuo na alikuwa hajui.

Ile keri iliyobaki nenda kamuone mwalimu wa somo ofisini kwake wiki hii, kabla ya testi ya kwanza, mwambie nalirudia na naomba kujua mwaka jana nilipotea wapi. Uliza mahudhurio yako yamefika ngapi kabla hayajashuka chini ya kiwango wakakuzuia mtihani. Hilo ni la dakika kumi tu.

Na usiku ukifunga saa tatu panda bodaboda ya mtu mnayefahamiana mpaka mlangoni, kata hiyo hela kwenye chakula kama lazima, msimu huu kila mtu anajua vibanda vina pesa.

Yule mwenzio mkianza kupokezana, shifti isiishe hata siku moja bila kuhesabu. Taslimu mnahesabu wote wawili kwa sauti, salio la floti (hela ya wakala iliyo kwenye simu) mnaangalia kwenye simu wote wawili, mnaandika kwenye daftari na saa, wote mnasaini. Hata kama ni rafiki yako wa kufa na kuzikana. Hata kama kuna mteja anagonga dirisha na kivuko kinaondoka.