Injini ya pikipiki kwenye gari dogo: inakaa, ila anza na oili

Mkuu, umeuliza kama injini ya pikipiki ya cc 1,000, silinda nne, inaweza kukaa kwenye gari dogo linaloendeshwa na matairi ya nyuma, na kama kazi kubwa ni maunti tu, yaani vishikizi vya kufungia injini kwenye gari. Inakaa. Ninalo gari la namna hiyo, lina kilo 640, na injini iliyomo sasa ni ya pili. Ya kwanza niliiua mwenyewe kabla ya mwezi kuisha. Nitaanza na hapo, kwa sababu maunti ulizozitaja zilinichukua siku mbili, lakini kilichoua injini kilinichukua miezi kukielewa.

Nilipoishusha mahali pake, sampu, lile bakuli la oili chini ya injini, iligusa boriti ya mbele ya chesisi. Nikaikata, nikaichomelea upya ikawa fupi na pana, ujazo wa oili ukabaki ule ule. Ikawaka, ikanguruma vizuri, nikafurahi sana. Siku ya tatu ya majaribio, kwenye kona ndefu ya kushoto, taa ya oili ilimulika kidogo ikazima. Nikadhani ni waya umelegea. Wiki iliyofuata, kona ya aina hiyo hiyo, injini ikaanza kugonga kwa chini. Nilipoifungua nilikuta beringi za kondirodi (vyuma vinavyounga pistoni na krenki) mbili zimelika hadi shaba inaonekana, na krenki, shafti kuu ya injini, imeungua mpaka imegeuka rangi ya bluu.

Fikiria pikipiki ikiwa kwenye kona. Inalala. Uzito wake na msukumo wa kona vikijumlishwa vinaelekea chini ya injini, kama maji yanavyotulia kwenye ndoo unayoizungusha kwa kamba. Kwa hiyo oili inabaki sampuni, na bomba la kunyonyea halikosi kitu hata dereva akikaribia kugusa lami kwa goti. Gari halilali. Ukikata kona ya kushoto oili yote inakimbilia kulia, na ikikaa huko sekunde tatu au nne pampu inanyonya hewa. Krenki inayozunguka mara 10,000 kwa dakika haina subira ya sekunde nne.

Kuna jambo la pili lililofichika zaidi. Ili shafti ya kutoa nguvu, ile iliyokuwa na sproketi (gia ya mnyororo), iangalie nyuma kwenye propela, shafti inayopeleka nguvu kwenye matairi ya nyuma, injini lazima uigeuze robo mzunguko. Upande uliokuwa mbele ya pikipiki sasa unatazama ubavuni mwa gari. Sampu ya pikipiki imeundwa kuvumilia oili kusogea mbele na nyuma wakati wa breki na mwendo wa ghafla, na hayo hudumu kwa muda mfupi tu. Sasa upande huo huo unabebeshwa kona nzima. Mimi nilikuwa nimeongeza ubaya kwa kuifanya sampu kuwa pana, hivyo oili ikapata uwanja wa kukimbilia.

Kwenye injini ya pili niliikata boriti ya chesisi nikaiunda upya ipite chini kidogo, sampu nikairudishia kina chake. Ndani yake nimezungushia bomba la kunyonyea kisanduku cha bati chenye vilango vinavyofunguka kuelekea ndani tu: oili inaingia, kutoka haiwezi. Nimeweka pia geji ya presha ya oili mbele ya macho yangu kabisa, maana ile taa inawaka wakati madhara yameshaanza. Wapo wanaoweka tangi la oili la nje na pampu ya ziada ya kunyonya, na kwa gari la mashindano ndiyo njia sahihi. Kwa matumizi yangu kisanduku kimetosha, na nimeshakifungua mara mbili kukagua beringi. Ni safi.

Difu, gia za kwenye ekseli ya nyuma, ndiyo iliyofuata kunisumbua, na hii piga hesabu kabla hujanunua chochote. Injini za aina hii zina upunguzaji wa kwanza ndani yake, kati ya krenki na klachi. Kwenye yangu ni 1.6, yaani krenki inazunguka mara 1.6 klachi ikizunguka mara moja; namba za gia na difu zisome hivyo hivyo. Gia ya kwanza ni 2.6 na ya sita ni 1.1. Difu niliyoanza nayo ilikuwa 3.9, na tairi langu likizunguka mara moja gari linasogea mita 1.75. Kwa mizunguko 11,000, gia ya kwanza inafika kilomita 71 kwa saa na ya sita 168. Inasikika vizuri kwenye karatasi. Maana yake halisi ni kwamba kila unapoondoka unaibembeleza klachi mpaka inanuka, kwa sababu klachi ile iliundwa kusukuma kilo 280 pamoja na dereva wake, nawe unaipa zaidi ya kilo 700. Nikahamia difu ya 4.6. Gia ya kwanza sasa inaishia 60, ya sita 143, na gari linaondoka bila kulalamika. Springi za klachi nimeweka ngumu zaidi. Usizinunue kabla ya kubadili difu, utakuwa unatibu dalili.

Rivasi haipo, hilo unalijua. Nimeweka mota ya umeme inayoshika meno ya gia niliyoifunga kwenye propela. Kwenye tambarare inatosha, kwenye mlima haitoshi.

Kabla ya yote hakikisha upande injini inakozungukia. Kwangu ilikubali, kwa kuwa ubavu wa sproketi ukiangalia nyuma propela inazunguka upande ule ule ambao difu ya kawaida inautarajia. Ukiigeuza kinyume utapata gia sita za kurudi nyuma. Usione kama ni utani: waliowahi kuweka injini ya Chevrolet Corvair, ile ya silinda sita bapa inayopozwa kwa hewa, kwenye Volkswagen Beetle walikutana na jambo hilo hilo. Corvair inazunguka kinyume na injini nyingine nyingi, hivyo ilibidi wafungue giabosi na kuhamishia gia kubwa ya difu upande wa pili. Asiyefanya hivyo alibaki na gia moja tu ya kwenda mbele.

Kuna aliyeandika kwenye mjadala huu kwamba kuchanganya gari na pikipiki ni mchezo wa vijana wa sasa. Sikubaliani naye. Charles Cooper wa Uingereza na mwanawe John mwaka 1946 waliunganisha sehemu za gari dogo la Fiat Topolino na injini ya pikipiki ya JAP ya cc 500. Waliiweka nyuma ya dereva kwa sababu mnyororo ulifika kwa urahisi kwenye ekseli. Kutokana na mpangilio huo, mwaka 1959 Jack Brabham alichukua ubingwa wa dunia wa Formula 1 akiwa na Cooper yenye injini nyuma, na baada yake wote wakafuata. Upande wa pili, Friedel Münch wa Ujerumani mwaka 1966 alichukua injini ya gari la NSU akaijengea pikipiki, Mammut. Na Brazil walitengeneza Amazonas, pikipiki yenye injini ya Volkswagen pamoja na giabosi yake, kwa hiyo ilikuwa na rivasi. Mimi naiheshimu Amazonas kuliko zote, kwa sababu walichukua injini na giabosi pamoja, vitu vilivyokwisha kuzoeana.

Ndiyo maana nakushauri ununue pikipiki nzima iliyogongwa, usinunue injini peke yake. Waya zake, kontroli boksi (kompyuta ya injini), swichi ya ufunguo, sensa ya kuanguka, pampu ya mafuta, vyote vinahitajiana. Mimi sensa ya kuanguka niliifunga ikiwa imelala, nikapoteza Jumamosi nzima nikitafuta kwa nini plagi hazitoi cheche. Ilikuwa inaamini pikipiki iko chini.

Ukiwa tayari kupima, niandikie hapa namba ya difu yako, mzingo wa tairi, na nafasi iliyopo kati ya boriti ya mbele na ardhi. Hiyo ya mwisho ndiyo itakayoamua kama sampu inapita bila kukatwa.