Mama Fundi Anajibu: PA mbili zimeng'olewa bure

SWALI: Mama Fundi, shikamoo. Mimi ni fundi simu hapa Mwanza. Mwezi uliopita nilijikusanya nikanunua mashine ya kupimia simu, CMU200 ya mtumba, pamoja na bamba lake la kulazia simu. Simu ya kwanza kuipima ilikuwa kiswaswadu cha mteja. Masafa ya megahezi 900, chaneli ya 62, ngazi ya 5 ya nguvu: mashine inasoma dBm 21 (dBm ndicho kipimo cha nguvu ya mawimbi), kitabu kinataka 33. Nikabadilisha PA, kile kipande kinachokuza nguvu ya kutuma, 21. Nikabadilisha tena, 21 ileile. Ngazi ya 10 inasoma 11, ngazi ya 15 inasoma 1. Nikihamia 1800, ngazi ya 0 inasoma 15 badala ya 30. Mteja anakuja kila siku. Je, nimeuziwa mashine mbovu?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Mashine yako nzima, na PA zote tatu nzima. Ile ya kwanza kama uliitupa, kaiokote.

Umenisaidia sana kwa kuandika namba zote, maana wengi huniandikia "inasoma chini" basi. Hebu zitazame nami. Ngazi ya 5 inatakiwa 33, umepata 21: pungufu 12. Kila ngazi ikipanda namba, nguvu inashuka desibeli 2, kwa hiyo ngazi ya 10 inatakiwa 23, umepata 11: pungufu 12. Ngazi ya 15 inatakiwa 13, umepata 1: pungufu 12 tena. PA inayokufa haifi kwa adabu namna hiyo. PA mbovu huchoka pale inapobebeshwa mzigo mkubwa. Ngazi ya 5 inaanguka, ya 6 inaanguka, halafu ukishuka huko ya 12 na ya 15 unakuta inasoma vizuri tu. Ukiona pengo lilelile kuanzia juu mpaka chini, kuna kitu kinakula njiani, kati ya simu na mashine.

Kinachokula ni hilo bamba. Simu imelala juu yake, haijagusana nalo kwa waya. Antena ya simu inatupa mawimbi pande zote, bamba linadaka kiasi kidogo, mengine yanapotea hewani. Mashine inapima kilichoifikia kwenye tundu lake, haina habari na kilichotoka kwenye simu mpaka uiambie njiani kumepotea kiasi gani. Kwa hesabu ya mkono: wati 2 ndiyo dBm 33. Kila ukitoa 3, nguvu inakatika nusu. Toa 3, wati 1. Toa 3, nusu wati. Toa 3, robo. Toa 3, umefika 21, thumuni ya wati. Simu inatoa wati 2, mashine inaona thumuni, wewe unashika blowa ya kung'olea PA.

Kwenye skrini ya mipangilio ya tundu la RF, yaani la mawimbi ya redio, kuna mahali pa kuandika upotevu wa nje, wa kuingia na wa kutoka. Usiandike 12 kwa sababu mimi nimesema 12, maana hapo utakuwa unailazimisha mashine iseme unachotaka kusikia. Tafuta simu nzima ya aina ileile. Fungua, chini ya kile kimpira kidogo kwenye bodi kuna tundu la kupimia, chomeka waya wa RF hapo, upime. Upotevu wa waya wenyewe unaupata kwa kutoa ishara tundu moja la mashine na kuipokea tundu jingine kupitia waya huohuo. Ukishajua simu hiyo inatoa ngapi kwa waya, ilaze kwenye bamba usome tena. Tofauti ndiyo upotevu wa bamba kwa simu ya aina hiyo, ikiwa imelala hapo na si kwingine. Isogeze upana wa kidole uone namba inavyoruka. Mimi nimechora simu kwa kalamu ya wino juu ya bamba langu, michoro imepandana mpaka haieleweki kwa mwingine, na pembeni nina daftari la kurasa 80 la mambo haya tu.

Andika masafa ya 900 peke yake na ya 1800 peke yake. Umeona mwenyewe kule 1800 pengo lako ni 15.

Na usisahau upande wa kushuka. Ukiweka mashine itume dBm −85, baada ya bamba simu inapata −97. Simu ya GSM (mtandao wa 2G) inatakiwa isikie mpaka −102, hivyo una desibeli 5 tu za kupumulia. Ikikatika simu katikati ya kipimo utasema mbovu, kumbe umeinong'oneza.

Baada ya hapo kipime tena kiswaswadu chako. Ngazi ya 5 kikisoma kati ya 31 na 35, mpe mwenyewe simu yake. Ngazi za katikati zinaruhusiwa kuyumba desibeli 3 juu au chini, na zile za mwisho kabisa, 16 hadi 19, desibeli 5.

Nisikucheke. Nilipokuwa mwanafunzi wa kazi kwenye karakana moja hapa Dar, nilichoma bodi tatu za watu kwa wiki moja. Zote zilisoma chini, nami nikazing'oa PA moja baada ya nyingine, ya tatu nikaondoka na njia za shaba za bodi. Mzee aliyekuwa akitufundisha hakusema neno. Alifungua konekta ya waya, akanipa lenzi. Pini ya katikati ilikuwa imerudi ndani, haifiki kwenye tundu, nafasi ya unywele. Tangu siku hiyo, asubuhi kabla sijapima simu ya mtu napima waya wangu, kisha simu yangu mwenyewe ya kulinganishia, ya vitufe, ambayo haiuzwi wala haiazimwi. Mwanangu wa kuzaa alishawahi kuiomba nikamnunulia mpya.

SWALI: Mama, mimi si fundi. Simu yangu inaonyesha vijiti vyote vya mtandao lakini nikipiga inakata kabla haijaita. Nikiwa Ngamiani mara nyingi inakubali, nikienda nyumbani Pongwe inagoma kabisa. Ilishaingia kwenye ndoo ya maji mwaka jana. Fundi wa kwanza kanibadilishia laini, wa pili kafuta kila kitu na picha zangu zikaenda. Msomaji wa Tanga.

JIBU: Pole kwa picha, dada. Hapo mtu ameanza na kile anachokijua badala ya kile kinachoumwa.

Vijiti vinaonyesha simu inavyousikia mnara tu. Kama mnara unaisikia simu, hilo havisemi. Simu yako inasikia vizuri ila imekauka sauti. Ukiwa jirani na mnara, mnara huiambia simu ipunguze nguvu, na hata sauti iliyokauka inatosha. Ukienda mbali, mnara unaiambia ipandishe, simu inajitahidi, haifiki. Ndiyo maana Ngamiani inakubali na Pongwe inagoma, na ndiyo maana laini mpya haikusaidia.

Tafuta karakana yenye mashine, umwambie fundi aipime kwa waya kwenye bodi na kisha kwa antena yake. Kwa waya ikitoa nguvu kamili, na kwa antena ikawa chini kuliko simu nzima ya aina hiyo, basi tatizo ni antena au zile springi ndogo zinazoigusa. Kwa simu iliyooga ndoo, mimi dau langu naliweka hapo: ukungu wa kijani kwenye springi, spiriti na mswaki, kazi ya robo saa. Kama hata kwa waya iko chini, hapo ndipo tunazungumza PA au swichi ya antena, na bei inabadilika.

Akipima, mwombe akuonyeshe umbo la mpigo kwenye skrini. GSM haitumi mfululizo. Inatuma kwa zamu, mikrosekunde 577, kisha inanyamaza zamu 7 za wengine. Mpigo mzima unafanana na meza: unapanda, bapa, unashuka. Uso wa meza ukiwa umeinama kama paa la banda, nguvu inaanza vizuri halafu inakatika pumzi, na mara nyingi chanzo ni umeme unaoingia kwenye PA. Hapa nawaambia na mafundi wanaosoma: msihukumu PA kwa nyaya nyembamba za pawa saplai zenye urefu wa mita moja. Kwenye mpigo simu inaweza kuvuta ampea 2 kwa ghafla, volti inaporomoka kwenye waya wenu, mnalaumu bodi. Nyaya fupi, nene, volti 3.8 au 4.

SWALI: Shikamoo Mama Fundi. Niko VETA mwaka wa pili. Je, kuna namna ya kujua kama simu inatuma bila kuwa na mashine ya mamilioni?

JIBU: Marahaba. Kujua kwamba inatuma, ipo. Kujua inatuma kiasi gani, hakuna.

Weka simu karibu na redio ya zamani au spika ya bei rahisi, piga. Ule mlio wa "tr-tr-tr-tr" unaoutangulia wito ndio mpigo wenyewe. Fremu ya GSM ina milisekunde 4.615, kwa hiyo mipigo inakuja mara 217 kwa sekunde, na hiyo sikio linaisikia. Au ilishe simu kwa pawa saplai yenye mshale. Mshale ukiruka simu inapojisajili na wakati wa kupiga, PA inavuta umeme. Usiporuka kabisa, PA haiamshwi au haipati umeme. Ukiruka sana na simu ikapata joto bila kupata mtandao, PA inakula umeme na kitu hakitoki nje.

Redio italia hata kwa simu inayotoa robo ya inavyotakiwa, kwa hiyo usimwandikie mteja "imepona" kwa ushahidi wa redio. Na tafadhali, kupiga 112 kila dakika ili uone mshale unaruka, acheni. Upande wa pili kuna mtu anapokea.

Simu za 4G hazilii hivyo, na nguvu yake ya juu ni ndogo zaidi, dBm 23, yaani wati 0.2. Mashine ya Mwanza hapo juu haizipimi kwa 4G. Inaishia kwenye GSM na 3G.

SWALI: Habari, Mama. Nafanya kazi Luthuli, Nairobi. Kuna simu naipima, nguvu iko sawa, dBm 32.5, lakini kosa la masafa linasoma hezi 400. Nikizima na kuwasha, wakati mwingine inapata mtandao, wakati mwingine hapana. Simu hiyo ilianguka kwenye ngazi za nyumba. Nianzie wapi?

JIBU: Anzia kwenye kioo cha megahezi 26 (si kioo cha skrini, ni kile kipande kidogo kwenye bodi kinachoipa simu masafa yake), hasa kwa kuwa ilianguka. Kanuni inaruhusu kosa la sehemu 0.1 kwa milioni. Tuseme unapima chaneli ya 62: simu inatuma kwenye megahezi 902.4, hivyo ruhusa yako ni hezi 90. Hezi 400 huko juu, ukirudi kwenye kioo ni kama hezi 11 na nusu tu. Kioo kikipasuka kidogo ndani hakionekani kwa lenzi, ila kinahama, na kikipata joto kinahama tena. Gusa kwa ncha ya plastiki simu ikiwa kwenye mashine. Namba ikicheza, umeshampata. Kama haichezi, pasha viungo vyake upya kabla ya kukibadilisha.

Nikuongezee jambo ambalo kwenye kosa la masafa huwafunga macho hata wenye uzoefu. Simu hujirekebisha masafa kwa kuufuata mnara, na juu ya meza yako mnara ni mashine. Mashine ya mtumba ikiwa imehama hezi 300, simu nzima itaifuata hukohuko na skrini itakuandikia kosa la hezi 15. Mashine haiwezi kujishika yenyewe ikidanganya. Iache ipate joto nusu saa kabla ya kazi, na mara moja kwa mwaka uilinganishe na chanzo cha masafa kinachofuata satelaiti za GPS.

SWALI: Mama Fundi, nimechoka kufunga na kufungua bamba. Nikichomeka antena ya kawaida kwenye mashine, si simu zote zilizo juu ya meza yangu zitajisajili zenyewe?

JIBU: Zitajisajili, pamoja na ya mwenye mgahawa wa jirani akikosa mtandao wake. Hapo utakuwa umesimamisha mnara, na mnara bila leseni ya TCRA ni kesi. Tumia kisanduku cha bati chenye mfuniko unaobana, bamba ndani, waya unatoka kwa konekta. Weka laini ya majaribio, ile inayoanza na 001 (namba ya nchi) na 01 (namba ya mtandao), na mashine yako iwe na namba hizohizo. Usiiandikie 640 ya Tanzania hata kwa utani. Kisanduku kikivuja utajua kirahisi: weka simu yenye laini ya kawaida ndani, funga, ipigie. Ikiita, tafuta ufa.