Barua kwa mwanangu: kuona vita si kuviongoza

Mwanangu Neema,

Salamu nyingi kutoka Kigoma. Sisi tu wazima, baba yako anakusalimu. Umeniuliza: siku hizi mkuu wa majeshi anaona vita kwenye skrini akiwa ofisini, kwa droni na setilaiti, sasa kamandi za kanda zina kazi gani? Si amri zote zitoke makao makuu tu?

Hapana, mwanangu. Picha itaonyesha adui alipo. Haitasema barabara ipi imekatika kwa mvua, kikosi kipi kimechoka, wala helikopta ipi ina mafuta ya kwenda na kurudi. Kamandi ya kanda ipo ili mtu mmoja ayajue hayo, awe amekabidhiwa askari wa nchi kavu, anga na majini walioko eneo lake, na awe na ruhusa ya kuamua usiku huohuo.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, vikosi vya kanda zake mbalimbali za kijeshi viliingia kutoka kaskazini, mashariki na kusini. Aprili, wakati wameshaondoka viungani mwa Kyiv, ndipo ikaripotiwa kwamba Jenerali Aleksandr Dvornikov, mkuu wa Kanda ya Kusini, amekabidhiwa vita vyote. Setilaiti walikuwa nazo tangu siku ya kwanza. China nayo, mwaka 2016, ilivunja kanda zake 7 ikaunda kamandi 5 za mapambano, za aina hiyo niliyokueleza.

Lakini linaloniuma ni la hapa jirani, ng'ambo ya ziwa. Tarehe 7 Desemba 2017 kambi ya walinda amani wetu huko Semuliki, Kivu Kaskazini, nchini Kongo, ilishambuliwa jioni, na vijana wetu wakapigana kwa saa nyingi. Tulipoteza 15, na zaidi ya 40 wakajeruhiwa. Ulikuwa utumishi wa Umoja wa Mataifa, na uchunguzi wake wenyewe ulikuta kwamba hapakuwa na mpango unaotekelezeka wa kuwapelekea msaada au kuwatoa. Ulitaja pia kasoro za uongozi na amri, na upungufu wa ndege, wahandisi na taarifa za kijasusi. Ushujaa haukupungua, Neema. Kilichokosekana ni kile ambacho kamandi ya eneo inapaswa kuwa imekiandaa kabla risasi ya kwanza haijalia. Wale walikuwa watoto wa watu, na sikubali mtu aniambie ndivyo vita vilivyo.

Utasema mbona kamandi ya Marekani ya Afrika, iliyoanza kazi kamili mwaka 2008, makao yake yako Stuttgart, Ujerumani. Ni kweli, na mimi naona ni udhaifu, ingawa wana ndege za kufidia umbali. Jeshi lisilo na ndege hizo haliwezi kuiga mpangilio huo.

Ulihofu pia kwamba kamanda wa kanda mwenye nguvu hivyo anaweza kuiingiza nchi vitani. Mamlaka yake ni ya namna ya kupigana: nani aende, lini, kwa njia ipi. Kutangaza vita ni jambo jingine kabisa. Kwetu, Ibara ya 44 ya Katiba imempa Rais mamlaka hayo, na tangazo lake lazima lifikishwe bungeni.

Mama yako