Shangazi, mume wangu ataka kuuza vigari vya marehemu

*Shangazi, shikamoo. Nahudumia wazee majumbani hapa Michigan. Mzee niliyemtunza alifariki, na bintiye akanipa maboksi ya vigari vya plastiki vya kuunda, akasema nimpe kijana wangu achezee. Kijana alifungua boksi moja, Chevrolet ya 1962 ya kampuni ya AMT, akaliunda. Baba yake alipoona bei mtandaoni, nyumba haikukalika. Amemnyang'anya mtoto kila kitu na anataka kuyauza maboksi yaliyobaki. Moyo unanisuta. – Mama Jabiri*

Marahaba, mwanangu. Kwanza, mtoto arudishiwe gari lake. Alipewa achezee, akacheza. Gundi ya vigari hivyo huyeyusha plastiki na kuishikamanisha moja kwa moja, kwa hiyo hata baba yake akifoka hadi kesho hakirudi boksini.

Kuhusu thamani, mumeo hajaota. Hapo ulipo ndipo nyumbani kwa vitu hivyo: AMT ilikuwa mji wa Troy, na Jo-Han, kampuni nyingine ya vigari, ikawa Detroit, jirani na viwanda vya magari yenyewe. Tangu 1958 AMT ilikuwa ikitoa vigari vya magari mapya ya mwaka huo, kipimo cha 1 kwa 25, na boksi moja lilikuwa na vipande vya kuunda gari kwa mitindo mitatu. Mwaka ukigeuka, mara nyingi kalibu ile ile, yaani umbo la chuma la kumiminia plastiki, ilichongwa upya ifanane na gari la mwaka unaofuata. La zamani likawa halichapiki tena. Ndiyo maana unaona watu wazima wenye mvi wanagombania boksi ambalo nailoni yake haijapasuliwa.

Lakini mumeo asikate kanzu kabla mwana hajazaliwa. Kalibu nyingine zilisalimika, na vigari vyake vimechapwa tena miaka ya karibuni, wakati mwingine kwa picha ile ile ya zamani juu ya boksi. Tena bei aliyoiona huenda ni ya muuzaji anayejitakia tu. Atazame vilivyokwisha kununuliwa vilienda kwa kiasi gani.

Sasa hilo linalokusuta. Yule binti alidhani anakupa vitu vya mtoto. Mpigie kabla tangazo lolote halijawekwa, umwambie: "Dada, nimegundua maboksi ya baba yana bei. Ulikuwa unajua?" Akiyataka, mrudishie bila kununa. Akisema ni yenu, mna amani. Na usome mkataba wako wa kazi: makampuni mengi ya huduma za nyumbani hukataza mhudumu kupokea zawadi kutoka kwa mteja au jamaa zake. Mambo yakiharibika, atakayeitwa ofisini ni wewe, mumeo hatakuwepo.

Mkiwa mnangoja jibu, msipasue nailoni. Yatoeni maboksi beismenti kama kuna unyevu. Yale ambayo marehemu alikuwa ameshayafungua, toeni matairi laini myatie kwenye mfuko wa peke yake. Yakilaliana na plastiki miaka na miaka huila, yakaacha kovu kama la kuungua, hasa kwenye vioo.

Binti akiwaruhusu kuuza, Jabiri achague boksi moja la kwake, na achague kabla baba yake hajafungua simu kuangalia bei.