Mato ya Mzee na Kalamu Yangu Nyekundu

Kikundi chetu cha waandishi hapa Mombasa hakina ofisi wala mwenyekiti. Tu watu kumi na watatu, twakutana Jumamosi moja kwa mwezi huko Mji wa Kale, na siku nyingine twatumiana kazi kwa simu. Kwa miaka minne niliyokaa humo nimekosana na watu wawili, na mara zote mbili mwenye kosa ni mimi. Haya nayaandika kwa yeyote anayepewa kazi ya mwenzake aisome, hasa yule anayejijua kuwa sarufi anaiweza. Hao ndio hatari zaidi, nami nimo.

Wa kwanza ni mzee wetu mmoja, mtunzi wa tangu nikiwa sijazaliwa. Alituma shairi la beti nane akaomba tulipitie. Mimi nikalipitia kwa kalamu nyekundu. Penye "mato" nikaweka "macho", penye "nti" nikaweka "nchi", na "ndia" ikawa "njia". Nikamrudishia mbele ya kikundi kizima, mistari kumi na minne imepigiwa alama, na chini nikaandika: "Kazi nzuri, tatizo ni tahajia tu." Akajibu: "Shukran, mwanangu." Nikalala nimeridhika na nafsi yangu.

Jumamosi iliyofuata hakuja. Ya mwezi wa pili pia hakuja. Nikadhani mgonjwa. Rafiki yangu ndiye aliyenizindua: "Shukran ile ilikuwa ya kufunga mlango. Wewe hukusikia komeo?"

Nikaenda kwake Kibokoni baada ya alasiri, nimefunga halua mkononi. "Ndoo ukae," akaniambia. Tukanywa kahawa, tukazungumza habari za mvua na bei ya samaki, hata nikaanza kudhani yamekwisha. Kisha akautoa ubeti wenyewe akanisomea taratibu, akihesabu kwa vidole. Mistari hii miwili ameniruhusu niionyeshe:

Nimekesha kwa kulia, yamevimba yangu mato,
Kifuani nasikia, pawaka mfano moto.

"Sasa usome wako," akasema. Nikasoma: yamevimba yangu macho. Hata sikufika kwenye moto. Mizani, yaani hesabu ya silabi, ilikuwa ile ile, nane kwa nane, lakini kina cha mwisho, ile "to" ifungayo mstari, nilikuwa nimekivunja kwa mkono wangu, mstari baada ya mstari, shairi zima. "Umenitoa mato," akasema, "ukanitilia macho ya skuli." Akacheka yeye. Mimi nilitamani sakafu ipasuke.

Tena kuna jambo ambalo mtu wa Mombasa hana udhuru wa kutolijua. Mwaka 1928 mkutano uliochagua Kiunguja, lahaja ya Unguja, kiwe msingi wa Kiswahili sanifu ulifanyika papa hapa Mombasa, na Kimvita, lahaja ya Mombasa, kikaachwa kando kikiwa mjini kwao. Yale niliyoyaita makosa ya tahajia ni maneno aliyonyonya kwa mamake. Kama ningeuliza tu, "Mzee, hapa umekusudia Kimvita?" mambo yangekwisha kwa neno moja.

Kwa hiyo siku hizi siigusi kazi ya mtu kabla ya kumuuliza yeye anataka nini. Wengine wanataka kujua kama kisa kinavutia, wengine wanataka vina vikaguliwe, na wapo ambao wanataka kuambiwa wamejitahidi basi, na hilo nalo si dhambi. Lenye kuuma nalipeleka faraghani, na ikiwezekana kwa ujumbe wa sauti, kwa sababu maandishi hayana uso. Neno "sawa" peke yake kwenye simu laweza kuwa ndiyo, laweza kuwa nimekuchoka. Na kazi ya mtu haisambazwi kwa marafiki bila idhini yake, hata kama umeipenda.

Ugomvi wa pili ulikuwa kinyume cha huo. Dada mmoja wa Nakuru, mgeni katika kikundi, aliisoma hadithi yangu akaandika: "Sijaelewa aya ya pili." Basi. Hakuna salamu, hakuna hongera. Ujumbe ulinifikia nikiwa kwenye feri ya Likoni, nimesimama, jua la saa nane, gunia la mtu limenikalia mguuni. Nikamjibu kabla hatujagusa ng'ambo, na sitarudia hapa nilichoandika. Sisi wa pwani mtu akitaka kukwambia hajaelewa, ataanza kwa kukuuliza hali ya watoto. Nikahesabu ukavu wake kuwa dharau. Kumbe dada wa watu ameisoma hadithi mara tatu, na hilo swali lilikuwa swali. Niliporudi kwenye aya ya pili kwa utulivu, nikaona nimemtaja mjomba kabla ya kumleta. Hata mimi nisingeelewa.

Nilimpigia simu kuomba radhi. Sikuandika, nilipiga.

Wapo wanaosema adabu zote hizi zinaua ukali wa fasihi. Sikubaliani nao. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa aliyefariki karibu na 1840, alitungiana na washairi wa Lamu zama za Wamazrui, watawala wa Mombasa wakati huo, na hayo hayakuwa maneno ya kubembelezana. Lakini ukitaka kulijibu shairi la mtu kwa shairi, sharti kwanza ulishike barabara, kisha ukae na mizani zako kumi na sita kila mstari. Ukishamaliza kuhesabu, hasira za feri zimeshashuka na abiria.

Mzee amerudi. Wiki iliyopita alinitumia shairi jipya, mimi peke yangu, na katika ubeti wa tatu nikakuta "macho" mahali ambapo kina kilitaka "to". Nikaacha kalamu mfukoni. Nikamwandikia: "Mzee, hapa umekusudia macho?"

Jibu lilichelewa hadi usiku. "Si mimi. Ni huyu mjukuu ndiye anayenichapia. Mwambie wewe, mimi hanisikii."