Kiapo, hukumu na mlango uliofungwa

Kirumba, Mwanza

Mwanangu mpendwa,

Salamu kutoka huku. Umeniuliza kuhusu mdahalo wenu wa Jumamosi hapo Nansio. Mwenzako anashikilia kwamba Wanoldor, wale Waelfi (viumbe wasiokufa kwa uzee) wa mwandishi Tolkien walioiacha Valinor, nchi ya magharibi, wakaenda uhamishoni, hawakusamehewa kamwe, kwa kuwa Mandos alishawahukumu. Mandos ni mmoja wa Valar, wenye mamlaka wanaoutawala ulimwengu huo. Amechanganya mambo matatu, nawe yatenganishe tangu mwanzo: kiapo, hukumu, na kufungiwa mlango.

Kiapo, cha kumwandama yeyote atakayezishika Silmaril, johari tatu alizozitengeneza Fëanor na adui yao Morgoth akaziiba, kiliapwa na wanane tu, Fëanor na wanawe saba. Fingolfin, ndugu yake kwa baba, hakuapa, wala Finrod, wala Galadriel, watoto wa ndugu yao Finarfin. Hukumu ilikuja baadaye, damu ilipokwisha kumwagika Alqualondë, bandari ya Wateleri, Waelfi wa bahari, nayo iliwashukia wote walioendelea na safari, hata ambao panga zao zilikuwa safi. Mlango ni ile amri ya Valar kuizingira Valinor asirudi mtu.

Usiipite Alqualondë haraka. Wateleri walikataa kutoa merikebu zao, wakasema ni kazi ya mioyo yao ambayo hawataweza kuirudia; Wanoldor wakawaua wengi na kuzichukua. Hapo Ukerewe hutahitaji kueleza sana mtu aliyenyang'anywa chombo chake anajisikiaje. Kisha Fëanor akaziteketeza kule Losgar, ng'ambo ya bahari, na Fingolfin na watu wake walioachwa nyuma wakalazimika kuvuka barafu ya Helcaraxë kwa miguu. Asiyeuona uzito wa kosa hili ataona hukumu ni ukatili mtupu, na hapo utakuwa umeshapoteza nusu ya ukumbi.

Sasa mjibu. Mwambie afungue kitabu cha Tolkien, Silmarillion, kilichochapwa mwaka 1977, sura ya 9. Finarfin aliisikia hukumu hiyohiyo, akageuza njia, akarudi na wengi wa watu wake, akasamehewa na kupewa kuwatawala Wanoldor waliobaki. Kwa hiyo aliyerudi alipokewa. Halafu sura ya 24: Eärendil, baharia mwenye damu ya Waelfi na ya wanadamu, anafika Valinor na kuwaombea Wanoldor msamaha, na ombi lake linakubaliwa. Baada ya Morgoth kushindwa, wanaitwa warudi magharibi, na Wateleri wenyewe wanauachilia ule uchungu wa zamani. Wengine wakabaki kwa hiari yao, akiwamo mfalme wao Gil-galad.

Lakini usije ukasema wote walisamehewa, maana hapo ndipo atakapokunasa. Fëanor hajatoka katika kumbi za Mandos, zinakokaa roho za Waelfi waliokufa. Finrod naye alikufa, ila sasa anatembea na baba yake chini ya miti ya Eldamar, nchi ya Waelfi huko magharibi. Wote wawili walikuwa chini ya hukumu moja, basi tofauti yao haiwezi kutoka kwenye hukumu. Rudi kwenye kiapo.

Ukipewa dakika saba, tatu zima ziweke hapa. Maedhros na Maglor, wana wa Fëanor wa mwisho, waliambiwa warudi Valinor wakahukumiwe. Maglor alitaka kukubali. Alisema, Manwë na Varda, wakuu wa Valar, tuliwataja kuwa mashahidi. Wakikizuia kiapo, je, hakijabatilika? Maedhros akajibu kwamba waliapa kwa jina la Ilúvatar, Muumba wa vyote, na sauti yao itamfikiaje huko nje ya ulimwengu? Nani atawafungua? Naona hapa ndipo kitabu kinapouma kuliko mahali pengine popote. Valar waliweza kufungua mlango na kuituliza laana, lakini kiapo hakikuwa mali yao. Ndugu hao wawili wakaiba johari mbili zilizobaki, nazo zikawaunguza mikono, kwa kuwa haki yao juu yake ilikwishapotea.

Galadriel mguse kidogo tu. Tolkien alibadili habari zake mara kadhaa: mwaka 1967 aliandika kwamba alipigwa marufuku kurudi, na Agosti 1973, chini ya mwezi mmoja kabla ya kufa kwake, akaandika kwamba hakuwa na doa. Ukijenga hoja yako juu yake, mwenzako ataleta andiko jingine na mtabaki mnavutana hadi kengele.

Wakikuuliza Maglor aliishia wapi, jibu kama ilivyoandikwa: aliitupa johari baharini, akabaki akitangatanga ufukweni akiimba kwa uchungu na majuto. Hakurudi tena kati ya Waelfi. Usimvushe bahari kwa kumhurumia.

Baba yako