Maswali ya Wasomaji: Filamu ya Kisasi Msituni, Mfuko Mwembamba

Barua za toleo hili karibu zote ni za watu wanaotengeneza filamu za kutisha: msitu, wahusika wachache, mtu aliyerudi kulipiza kisasi, na fedha kidogo. Tumechagua sita.

SWALI: Hadithi yetu ni ya usiku mtupu. Tuna kamera moja na taa mbili ndogo za betri. Majaribio yametoka meusi tii, na palipoonekana pamejaa chenga.

Msirekodi usiku. Rekodini mchana mkaugeuze usiku. Chenga zinakuja kwa sababu mmepandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kupokea mwanga, na kamera inakuza mwanga ambao haupo.

Subirini jua liiname, kabla ya saa tatu asubuhi au baada ya saa kumi jioni, na mwigizaji alipe mgongo. Hapo linamchorea ukingo mweupe kichwani na mabegani, na mtazamaji ataamini ni mbalamwezi. Wekeni fremu 25 kwa sekunde, shata (muda wa kila fremu kupokea mwanga) 1/50 ya sekunde, ISO ya chini kabisa, kisha punguzeni mwanga kwa stopu mbili, yaani ibaki robo ya ule ambao mngetumia kwa picha ya kawaida. Joto la rangi kwenye mipangilio ya kamera liwe Kelvini 3200 badala ya 5600, picha nzima itaegemea bluu. Wanaotumia simu wakumbuke kwamba tundu la lenzi yake kwa kawaida halibani ili kupunguza mwanga. Bila kioo cheusi mbele yake, 1/50 itaunguza picha. Anzeni na kilichoandikwa ND64, kinachopitisha sehemu moja tu kati ya 64 ya mwanga.

Kinachoumbua mbinu hii ni anga. Kipande cha ukubwa wa ukucha kikichungulia kati ya matawi, siri imefichuka. Pandisheni kamera itazame chini, au jazeni fremu kwa mashina ya miti. Shoti zenye tochi nazo hazifai mchana, maana tochi haionekani kuwaka. Zifanyieni mazoezi mapema, mzirekodi katika zile dakika 20 hivi baada ya jua kuzama. Msipange zaidi ya tatu kwa siku, giza haliwasubiri.

Taa zenu mbili wekeni akiba kwa nyuso za karibu. Moja ikae nyuma ya mwigizaji, juu, kama mita tatu. Nyingine ipigwe kwenye shuka jeupe irudi usoni kwa upole. Taa iliyofungwa juu ya kamera inatoa picha ya kitambulisho, na hakuna anayeogopa kitambulisho.

SWALI: Damu yetu inaonekana kama sharubati. Kwenye shati jeupe inageuka waridi.

Inapitisha mwanga mno, na dawa yake ni kakao. Chemsheni vikombe viwili vya sukari kwa kikombe kimoja cha maji mpaka sukari iyeyuke, acheni ipoe. Tieni vijiko viwili vya chai vya rangi nyekundu ya chakula na tone moja la bluu. Kijiko kimoja cha chai cha kakao kikorogeni pembeni kwa maji ya moto kidogo ndipo mkichanganye. Mkikimimina kikavu kitafanya madonge, na damu yenye madonge inachekesha.

Ijaribuni mbele ya kamera, si kwa macho. Katika ule usiku wa bandia nyekundu inazama karibu na nyeusi, kwa hiyo punguzeni kakao kwa nusu. Msiimwage chini wala kuiacha mwilini muda mrefu, sisimizi na nyuki watawahi kabla ya mwongozaji. Damu ya kwenye majani itengenezeni kwa maji yaliyopikwa na wanga wa mahindi, bila sukari. Ile ya nguo iongezewe kijiko cha sabuni ya vyombo ili ifulike, ila hiyo isikaribie mdomo wala macho ya mtu.

Na mashati yawe matatu yanayofanana: safi, lenye damu kidogo, lenye damu nyingi. Pigeni picha ya kila doa kabla ya kuondoka. Doa linalohama kutoka bega la kushoto kwenda la kulia linaua hofu kuliko uigizaji mbovu.

SWALI: Panga linashukaje shingoni bila kumuumiza mtu?

Panga la kweli lionekane peke yake, pasipo mtu ndani ya urefu wake. Kwenye pigo tumieni la sponji ngumu lililopakwa rangi ya fedha. Kamera ikae nyuma ya bega la anayepigwa, wahusika waachane mita nzima; lenzi ndefu, kama mm 85, italificha pengo hilo. Kateni shoti kabla pigo halijafika, sikio litamalizia. Kabichi linalopasuliwa karibu na maikrofoni linatosha.

SWALI: Sauti inarukaruka kila shoti inapobadilika. Tunadhani ni upepo.

Upepo mnaudhibiti kwa kifuniko cha manyoya juu ya maikrofoni. Sponji pekee haifui dafu nje. Tunachoshuku zaidi ni nyenje. Wanaimba tofauti saa nne asubuhi na saa kumi na moja jioni, nanyi mnaunganisha vipande vya saa zote hizo katika onyesho moja. Kila mnapopiga kambi, watu wote wasimame kimya, simu zizimwe, mrekodi dakika mbili za msitu mtupu. Mhariri atatandika sauti hiyo chini ya onyesho zima, na viungo vitafunikwa.

Maikrofoni isizidi nusu mita kutoka mdomoni. Jenereta, kama hamna budi, ikae mita 60 au zaidi, upande ambako upepo unaelekea. Nyayo rekodini upya baadaye kwenye karai la majani makavu.

Mkishakuwa na hao nyenje kwenye mstari wao peke yao wa sauti, wazimeni ghafla sekunde mbili kabla mlipiza kisasi hajatokea. Hakuna kitisho cha bei rahisi zaidi.

SWALI: Tunapataje picha ya kuona kwa macho ya kitu kinachokimbia kati ya miti bila vifaa vya kutuliza kamera?

Ubao. Katika The Evil Dead, filamu ya kutisha ya Marekani ya mwaka 1981, kamera ilifungwa katikati ya ubao, watu wawili wakaushika ncha na kukimbia nao. Wa mita moja na nusu unatosha. Skrubu ya robo inchi inaingia chini ya kamera nyingi. Tumieni lenzi pana, mm 18 hadi 24, kwa kimo cha goti. Mtikisiko unagawanyika kwenye urefu wa ubao, ndiyo maana picha inaelea badala ya kuruka. Fagieni njia kwanza, mizizi na mashimo, kwa kuwa wakimbiaji hawataangalia chini.

SWALI: Watazamaji wa majaribio wanasema hawajali nani anakufa.

Basi hawajui deni. Kosa la mwanzo lionekane ndani ya kurasa kumi za kwanza za muswada, ambazo ni kama dakika kumi za filamu. Sura ya mlipizaji inaweza kufichwa hadi mwisho. Sababu yake isifichwe. Tatizo la pili ni kwamba kwenye miswada mingi wanaowindwa, tuseme watano, wote wana hatia ileile, hivyo kifo cha tatu ni marudio ya cha kwanza. Gawanyeni kosa: mmoja alipiga, mmoja alishika taa, mmoja alidanganya baadaye, mmoja aliuza kilichoibwa, na mmoja aliona akanyamaza. Huyu wa mwisho muacheni awe wa mwisho kukutwa, maana mtazamaji hataweza kuamua kama anastahili. Pigo lake lisioneshwe. Kamera ibaki usoni mwa mlipizaji, na nyenje waanze kuimba tena.